Meza ya gari la kulala inapocheza: kikombe, bolti, mguu wa pili au reli ya ukutani?

Msimu wa kaskazi uliopita tuliingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, tukaegesha karibu na mto Galana, tukaketi kunywa chai. Tulikuwa watano ndani ya HiAce yetu, mahamri na mbaazi mezani, birika katikati. Kaka yangu akajisogeza kumpisha mtoto, kiwiko kikagusa ukingo wa meza, nayo ikalala upande kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni. Kikombe cha chai ya moto kikammwagikia binti yangu mapajani. Tulimmwagia maji ya baridi papo hapo, kwa muda mrefu, na ngozi ikapona bila kovu. Lakini hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba meza "inacheza kidogo tu".

Meza yetu ni ya aina iliyomo kwenye magari mengi ya kulala: ubao wa juu, bomba moja la chuma, na vikombe viwili vya kulishika bomba. Kikombe kimoja kimefungwa sakafuni, cha pili kimefungwa chini ya ubao. Ncha za bomba huenda zikipungua unene kuelekea mwisho, kwa hivyo ukilisukuma ndani linajikaza lenyewe. Hakuna skrubu inayolishika pale, ni msuguano mtupu. Usiku unang'oa bomba, ubao unalala kati ya mabenchi mawili, na meza inageuka kitanda. Ni ufundi mzuri sana wa kubana nafasi. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea mguu mmoja ulioshikwa mahali pamoja.

Tangu safari ile nimejaribu njia nne, nyingine kwa mikono yangu, nyingine kwa mafundi wa hapa Malindi na ndugu zangu wa Lamu. Mbili zaidi nimeziona na kuzikalia kwenye magari ya wenzetu. Nazilinganisha hapa kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: meza inayumba, pesa si nyingi, na hataki kutoboa gari bure.

Kwanza jua inachezea wapi

Watu wengi hukimbilia kununua mguu mpya. Mara nyingi mguu hauna kosa. Kinachocheza ni maungio, nayo ni manne: kikombe na sakafu, bomba na kikombe cha chini, bomba na kikombe cha juu, kikombe cha juu na ubao.

Weka kidole pale bomba linapoingia kikombeni, nusu ya kidole iwe juu ya bomba na nusu juu ya kikombe. Mwambie mwenzako aitikise meza polepole. Kama kuna mchezo hapo, kidole kitausikia hata kama jicho halioni. Fanya hivyo kwenye maungio yote manne. Sisi tulikuta matatu yamelegea, na tuliyekuwa tukimlaumu, yaani bomba, alikuwa mzima kabisa.

Usidharau mchezo mdogo. Chukua kikombe kinacholishika bomba kwa sentimita 5 tu, na meza yenye kimo cha sentimita 70. Mdomo wa kikombe ukilegea kwa nusu milimita, kule juu ubao unasogea milimita 7. Ndiyo maana fundi anaweza kukutazama na kukuambia "hii imekaza", na wewe ukiweka chai inamwagika. Nyote wawili mnasema kweli, kila mmoja kwa urefu wake.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia kabla ya kushika drili. Weka glasi ya maji juu ya benchi, si mezani, kisha mtu atembee ndani ya gari. Kama maji ya benchini nayo yanacheza, basi ni gari zima linaloyumba juu ya springi zake, na hakuna meza itakayokuponya. Hapo la kutegemeza ni gari lenyewe, chini ya chasisi, si meza.

Kubana kikombe

Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kila mtu anayoijaribu. Unaliongezea bomba unene kidogo ili likae kwa kukaza.

Nilianza na tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ilishika siku tatu. Tepu nyeusi ya umeme ilishika zaidi, lakini joto la Malindi mchana gari likiwa limefungwa liliiyeyusha gundi, bomba likanata, na siku ya kuling'oa tulipigana nalo. Mpira wa tyubu ya baiskeli unanyamazisha kelele vizuri, lakini mpira ni laini: meza inaacha kugonga na inaendelea kuyumba. Kilichofaa kuliko vyote ni kopo la soda. Ukuta wa kopo una unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, unakatika kwa mkasi, na unaweza kuzungusha tabaka moja au mawili mpaka upate kipimo. Lainisha kingo kwa msasa kwanza, zinakata vidole.

Kopo lilitushikia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Hapa pwani alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye hewa ya chumvi hulana, kwa hivyo ukiliacha humo msimu mzima utakuta unga mweupe na bomba lililoganda. Litoe, pangusa, weka jingine.

Mambo mawili nimejifunza kwenye kikombe ambayo yamesaidia kuliko tepu zote. La kwanza ni mchanga. Kikombe cha sakafuni ni shimo, na miguu ya watoto wanaotoka ufukweni inalijaza. Punje chache zinatosha kuzuia bomba lisiingie hadi mwisho. Kipanguse kwa kitambaa kikavu kila unaposimamisha meza, na usitie grisi wala mafuta ya nazi, maana unachokitaka pale ni msuguano. La pili ni namna ya kung'oa. Tulikuwa tunalitikisa bomba huku na huku mpaka lilegee, na kumbe kila mtikiso ulikuwa unatanua mdomo wa kikombe. Lizungushe huku ukilivuta juu. Usilitikise.

Kama kikombe kimeshatanuka, hakirudi. Badala ya kuagiza seti nzima kutoka nje, chukua bomba lako umpelekee fundi wa mashine ya kukereza akukerezee kikombe kipya cha nailoni ngumu au alumini kwa kipimo cha bomba hilo hilo. Mpe bomba lenyewe mkononi, usimpe namba.

Kufunga upya sakafu

Hapa ndipo penye nguvu halisi, na ningemwomba kila mtu apatazame kabla ya kununua chochote.

Fikiria mtu anaegemea meza, anaisukuma kwa ubavu kwa uzito wa kilo 10, kwenye kimo cha sentimita 70. Sahani ya kikombe cha sakafuni ni pana kama kiganja na vidole, na kutoka skrubu za upande mmoja hadi ukingo wa upande wa pili ni kama sentimita 14. Zidisha, gawanya: skrubu zile zinavutwa juu kwa karibu kilo 50, kila mara mtu anapojisogeza. Na zimeshika nini? Kwetu zilishika plaiwudi ya milimita 12 na basi. Fundi aliyetutengenezea gari hakuzifikisha kwenye bati la chini. Masika yalipoingia, unyevu uliilainisha ile plaiwudi na skrubu zikawa zinazunguka tu kwenye matundu yake. Zenyewe zilikuwa zimeshashika kutu kabla ya kutimiza mwaka.

Kuna namna mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni bolti zinazopenya: milimita 6 au 8, za stenlesi, kutoka juu ya sahani, kupita plaiwudi na bati, hadi kwenye bamba la chuma la milimita 3 chini ya gari, na nati za kujikaza. Bamba lipakwe rangi pande zote, na kila tundu lizibwe kwa ile gundi nyeusi ya vioo vya gari ili maji ya barabarani yasipande. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari na taa. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya hupita humo, na drili haichagui. Zungushia ncha ya drili tepu iwe alama ya kina, ili usizame kupita unapotaka. HiAce yetu ilikuwa matatu, kwa hivyo tulikuta matundu ya zamani ya viti vya abiria, tukayatumia mawili na kutoboa mapya mawili tu. Mwenye gari lililowahi kubeba abiria aanze kuyatafuta hayo.

Namna ya pili ni ya asiyetaka kutoboa bati kabisa. Kata kipande cha plaiwudi ya maji, milimita 18, sentimita 40 kwa 40. Kifunge kikombe kwenye kipande hicho kwa bolti zinazotokea chini, vichwa vizamishwe, kisha ugundishe na uskrubu kipande kizima sakafuni, skrubu zikae pembezoni. Hesabu ile ile sasa inagawanywa kwa sentimita 36 badala ya 14, na mvuto unashuka chini ya kilo 20. Sakafu ni ile ile, skrubu ni zile zile, umepanua tu mkanyago. Chonga kingo ziwe mteremko, vinginevyo vidole vya miguu vitalia usiku.

Ukilinganisha na kubana kikombe: kubana ni kazi ya robo saa, na utairudia. Kufunga sakafu ni kazi ya siku nzima, na hutaigusa tena kwa miaka. Lakini kufunga sakafu hakuondoi mchezo ulio kikombeni, na kubana kikombe hakuokoi skrubu zilizolegea. Kidole ndicho kitakachokuambia unahitaji ipi. Sisi tulihitaji zote mbili, na hata baada ya zote mbili meza ilibaki na mtikisiko mdogo pale mtu anapokata kitunguu.

Neno la ami

Mtikisiko huo uliobaki ulitatuliwa Lamu. Tuliliacha gari Mokowe kama kawaida, tukavuka kwa boti. Ami yangu ni wa Matondoni, kijiji ambacho watu wake wameunda majahazi kwa vizazi, na siku ya kurudi alitusindikiza hadi bara akataka kuliona gari. Aliingia, akaweka mkono juu ya meza, akaisukuma mara moja.

"Mwanangu, mlingoti haushikwi tini pekee."

"Ami, tumefunga bolti nne na bamba."

"Hata ukifunga kumi. Mlingoti hukaa kwa mguu wake tini, kisha hufungwa katikati kwenye ubao unaopita ubavu hadi ubavu. Huu wako meufunga mguu, mewata kiuno."

Kwa Kiswahili cha Lamu "tini" ni chini, na "kuwata" ni kuacha. Sikuwahi kulifikiria hivyo, na sasa sioni namna nyingine ya kulifikiria. Mguu mmoja ukiukaza vipi kwa chini, urefu wote uliobaki ni mpini wa kuung'olea. Mpe meza mahali pa pili pa kushikwa, juu, mbali na mguu, na ile nguvu yote haifiki tena kikombeni.

Alichotufanyia siku hiyo kilikuwa kazi ya saa moja. Alichukua kipande cha mvule chenye upana wa vidole viwili, akakifunga kwenye ubavu wa gari chini kidogo ya ukingo wa meza, ili ukingo ukikalie. Juu ya kipande akabandika ukanda wa tyubu. Kisha kulabu mbili za shaba, zile za madirisha, zilizotengana karibu upana mzima wa meza, na pete zake chini ya ubao. Pete alizisogeza nyuma kidogo kuliko kipimo, ili kulabu ikiingia iivute meza na kuibana kwenye mpira. Meza ikatulia. Nilikata kitunguu kizima na glasi ya maji pembeni.

Kwa bei, kulabu zinashindana na tepu. Kwa uthabiti, zinazishinda bolti. Kwa mtu asiye na uwezo leo, au mwenye gari la kukodi ambalo haruhusiwi kulitoboa sakafu, hii ndiyo ningemwambia afanye kwanza, kwa idhini ya mwenye gari, maana matundu yake ni ya skrubu ndogo za ukutani. Upungufu wake: lazima meza iwe karibu na ukuta, na kulabu zinagonga njiani zikiachwa zikining'inia.

Reli ya ukutani, au mguu wa pili?

Anayejenga upya, au aliyechoka na mguu wa katikati, atakuja kuchagua kati ya hizi mbili.

Reli ni wazo lile lile la ami, limetengenezwa kiwandani. Ni vipande viwili vya alumini vinavyoshikana: kimoja ukutani, cha pili chini ya ukingo wa meza. Unaiinua meza upande wa ndani, inachomoka. Upande wa pili unasimama kwa mguu mmoja, tena mguu huo sasa unakaa mwishoni mwa meza, si katikati, na unaweza kuwa wa kukunja kwa bawaba bila kikombe chochote sakafuni. Mguu wa pili, kwa upande wake, ni kuongeza bomba jingine na vikombe vyake, sentimita 50 au 60 kutoka la kwanza.

Nimekaa kwenye gari lenye meza ya miguu miwili, na kwa kweli meza haina mtikisiko kwa urefu wake. Kwa upana bado upo, maana miguu yote imesimama kwenye mstari mmoja. Kila mara magoti yanatafuta pa kupita kati ya mabomba. Vikombe vinne lazima visimame sambamba kabisa. Kimoja kikipinda kidogo, bomba moja linaingia na la pili linagoma, na wenyewe walikuwa wanatumia nyundo ya mpira kila jioni. Na umejiongezea shimo jingine la kuokota mchanga. Mguu wa pili ninaukubali kwa hali moja tu: meza ndefu, ya watu sita, iliyo mbali na kuta zote.

Kwa meza ya watu wanne iliyo ubavuni mwa gari, reli inashinda, na sina wasiwasi kusema hivyo. Kazi yake ngumu ni ukuta. Bati la ubavu wa gari halishiki skrubu. Lazima reli ifungwe kwenye mbavu za chuma zilizo ndani ya ukuta, au kwenye sanduku la benchi. Tena ubavu wa HiAce umeinama kwa ndani kuelekea juu, kwa hivyo nyuma ya reli unahitaji kipande cha mbao kilichochongwa kwa mteremko ili reli isimame wima. Fundi akiisahau mbao hiyo, meza itateremka upande mmoja. Bolti za stenlesi zikigusa alumini, tenganisha kwa washa za nailoni, kwa sababu ya chumvi ile ile. Na ukiweka reli ya pili chini, kwenye kimo cha benchi, ubao unaikalia usiku na kitanda hakizami katikati. Hilo la kitanda ndilo lililomfurahisha mama yangu.

Mkono wa kuzungusha ndio unaoonekana kwenye magari mapya kutoka Ulaya: mkono wa chuma uliofungwa ubavuni mwa benchi, meza inazunguka juu yake, hakuna mguu sakafuni kabisa. Ni mzuri kwa watu wawili wanaotaka kutoka na kuingia bila kusumbuana. Lakini mkono ulionyooshwa una mnepo wake hata ukiwa mpya, bei yake ni ya juu kuliko yote niliyoyataja, na hauwezi kumvumilia mtu anayeinuka kwa kuegemea meza. Nyumba yenye wazee au watoto, mimi singeufunga. Meza ya kawaida ya kukunja, ya miguu minne, haitikisiki na fundi seremala yeyote wa Malindi ataitengeneza, ila haigeuki kitanda na inataka mahali pa kulazwa. Kwa wanaokula nje chini ya mvinje, hiyo inatosha.

Sisi tulimalizia hivi: sakafu ya bolti, kikombe kipya cha kukerezwa, na kulabu za ami tumezibadilisha kwa reli. Baadaye tulipanda Marafa, ile barabara ya matuta inayotikisa hata meno, na tulipofika nilizipitia nati zote kwa spana. Mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Zikaze baada ya safari ya kwanza mbaya. Baada ya hapo zetu hazijasogea.

Na gari likiwa mwendoni meza isibaki imesimama. Breki ya ghafla, bomba lile la chuma ni rungu linaloruka. Letu linalala chini ya benchi, limefungwa kwa mikanda miwili, na kazi ya kulikagua kabla ya injini kuwashwa amepewa binti yangu. Haisahau.